Diski, Wingu au NAS? Hesabu ya Miaka Mitano kwa Watu wa Manyatta

Mpiga video wa harusi mjini Embu, eneo bunge la Manyatta, anayerekodi kwa kamera ya 4K inayoandika megabiti 100 kwa sekunde hujaza gigabaiti 45 kila saa. Akiwa na kamera mbili, na kila moja ikifanya kazi saa tano kuanzia maombi hadi kukata keki, sherehe hiyo moja humwachia gigabaiti 450. Msimu wa Desemba ukimletea kazi nne za aina hiyo, harusi na ruracio (sherehe za mahari) zikichanganyika, tayari anahitaji karibu terabaiti 2, na hapo hajamkabidhi mteja hata mmoja video yake.

Ukipanda juu kuelekea Kairuri utamkuta mwenye duka ambaye naye ana cha kuhifadhi: picha za watoto tangu wazaliwe, hati ya shamba aliyoipiga picha, risiti za kodi za eTIMS, daftari la madeni analoliweka kwenye simu. Vyote alivyo navyo havijafika gigabaiti 100.

Siku hizi wote wawili huambiwa neno lilelile na wauzaji: nunua NAS. Mmoja wao akitii atakuwa amefanya jambo la maana. Mwingine atakuwa ametupa pesa za karo. Makala hii inapima gharama ili kila mmoja ajue yuko upande gani.

NAS ni kitu gani hasa

NAS ni kompyuta ndogo isiyo na skrini wala kibodi, yenye nafasi ya diski moja, mbili au zaidi, inayochomekwa kwenye ruta kwa waya. Simu, kompyuta au televisheni yoyote iliyo kwenye Wi-Fi ile huiona kama folda moja kubwa. Watu watano wanaweza kufungua faili zake kwa wakati mmoja, kila mtu kwa nywila yake, na mwenye mtambo ndiye anayeamua nani aone nini. Synology na QNAP, zote za Taiwan, ndizo kampuni zinazojulikana zaidi kwa vifaa hivi vya nyumbani na vya ofisi ndogo.

Nafasi ya kuweka faili hupatikana kwa bei nafuu kwingine. NAS inauza mambo mawili: kushirikiana faili, na kunakili bila kukumbushwa. Simu ya mama ikiingia kwenye Wi-Fi jioni, picha za mchana hujihamishia zenyewe. Kompyuta ya karani hunakiliwa saa sita usiku hata kama karani amesahau. Asiyehitaji hata moja kati ya mambo hayo analipia injini ya lori kubebea gunia moja la kahawa.

Bei: tuhesabu miaka mitano

Kosa la kawaida ni kulinganisha bei ya dukani pekee. Kifaa cha kuhifadhi faili hukaa nawe miaka mitano au zaidi, kwa hiyo tuhesabu kwa muda huo. Bei za vifaa hapa chini ni makadirio ya mviringo, nayo dola tumeihesabu kwa Sh129. Ukipata bei tofauti dukani, weka yako mahali pake. Njia ya hesabu haibadiliki.

Njia ya kwanza: diski mbili za nje za terabaiti 2, moja ya kazi na moja ya nakala.
- Diski mbili kwa Sh11,000 kila moja: Sh22,000
- Diski moja ya kubadilisha katikati ya safari: Sh11,000
- Jumla: Sh33,000

Njia ya pili: kukodi terabaiti 2 kwenye wingu. Google hutoa gigabaiti 15 bure, kisha hutoza. Bei yake ya Marekani kwa terabaiti 2 imekuwa dola 9.99 kwa mwezi.
- Miezi 60: dola 599.40, yaani kama Sh77,300
- Data au faiba ya kupakia: juu yako

Njia ya tatu: NAS ya diski mbili za terabaiti 4, zote mbili zikiandikwa kitu kilekile. Nafasi unayoitumia ni terabaiti 4, si 8.
- Kisanduku: Sh30,000
- Diski mbili kwa Sh18,000 kila moja: Sh36,000
- UPS ndogo (betri ya kushikilia kifaa stima ikikatika): Sh8,000, na betri yake ikibadilishwa mara moja: Sh3,000
- Diski ya nje ya nakala: Sh15,000
- Stima: kama Sh20,500
- Jumla: Sh112,500

Kwa mtazamo wa kwanza NAS imeshindwa vibaya. Lakini gawanya kila jumla kwa terabaiti na kwa miaka. Diski za nje zinakugharimu Sh3,300 kwa kila terabaiti kwa mwaka, NAS Sh5,600, wingu Sh7,700. Kisha mzigo ukivuka terabaiti 2, wingu linakurusha kwenye kifurushi kikubwa zaidi. Terabaiti 5 za Google kwa bei ya Marekani zimekuwa dola 24.99 kwa mwezi, na kwa miaka mitano hizo ni zaidi ya Sh193,000. Hapo NAS imekuwa nafuu kwa karibu Sh80,000.

Mpaka wenyewe basi uko kwenye terabaiti 2. Aliye chini yake, na anafanya kazi peke yake, hana sababu ya kifedha ya kununua NAS. Aliye juu yake, na ana wenzake wanaozihitaji faili zilezile, anapoteza pesa kila mwezi anapoendelea kukodi.

Stima, gharama isiyoandikwa kwenye kibandiko cha bei

NAS ya diski mbili hula takriban wati 17 ikiwa kazini. Kwa mwezi mzima, usiku na mchana, hizo ni uniti 12. Ukikadiria uniti moja kwa Sh28 pamoja na kodi na tozo, ni kama Sh340 kwa mwezi. Kwa ofisi ya mjini ni kitu kidogo. Kwa nyumba ndogo kuna mtego. Tangu Aprili 2023, bei ya chini kabisa ya Kenya Power ni ya wateja wasiozidi uniti 30 kwa mwezi. Nyumba inayotumia uniti 25, ikiongezewa 12, inavuka mstari huo, na uniti zote huhesabiwa kwa bei ya daraja la juu, si zile 12 peke yake.

Mafundi wengi watakupa njia ya mkato: nunua kompyuta kuukuu ya ex-UK kwa Sh15,000, iwekewe programu ya bure kama OpenMediaVault au TrueNAS, umepata NAS kwa nusu ya bei. Ni kweli, na mtambo hufanya kazi vizuri. Lakini kompyuta ya mezani ya namna hiyo inaweza kula wati 40 hata ikiwa imetulia. Hizo ni karibu uniti 29 kwa mwezi, zaidi ya Sh800, na kwa miaka mitano Sh48,000 na ushei. Ukijumlisha na bei yake ya kununulia unafika kama Sh63,000, ilhali kisanduku kipya pamoja na stima yake hakizidi Sh51,000. Ex-UK inalipa kwa anayeweza kuizima usiku. Shule inayoiwasha saa mbili asubuhi na kuizima saa kumi na mbili jioni itakata gharama hiyo zaidi ya nusu, mradi pawe na mtu anayejua kuitunza.

Kuna pia njia ya chini kabisa ambayo wauzaji hawaitaji. Ruta nyingi zina tundu la USB nyuma. Chomeka diski ya nje hapo, washa huduma ya kushiriki faili kwenye mipangilio ya ruta, na nyumba nzima itaiona. Itakuwa ya polepole na haitajinakili, lakini kwa kutazama filamu na kubadilishana picha nyumbani inatosha.

Kasi: hapa wingu linaachwa mbali

Kifurushi cha chini cha faiba ya nyumbani ambacho Safaricom ilitangaza mwaka 2024 ni cha megabiti 15 kwa sekunde kwa Sh2,999 kwa mwezi. Kwa kasi hiyo, isipokatika hata dakika moja, kupakia terabaiti 1 kwenye wingu huchukua saa 148, yaani zaidi ya siku sita. Faili hizohizo zikitoka kwenye kompyuta kwenda kwenye NAS kwa waya wa gigabiti hufika kwa muda wa saa mbili na nusu. Kwa mhariri wa video huo ni msimu mzima wa tofauti. Anaweza kuikata video ikiwa ndani ya NAS, huku mwenzake kwenye meza ya pili akirekebisha rangi za sherehe nyingine.

Lakini usidanganywe na Wi-Fi. Kasi hiyo ni ya waya. Ruta ya bei rahisi ikitenganishwa na NAS kwa kuta mbili za mawe itakurudisha kwenye mwendo wa kobe, na utalaumu kifaa bure.

Jambo jingine ni kukatika kwa intaneti. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Kenya pamoja na majirani ikahangaika kwa intaneti hafifu. Aliyeweka kazi zake zote kwenye wingu alikaa akisubiri. Aliye na NAS ofisini aliendelea, kwa sababu faili hazikuwa zimetoka nje ya jengo.

Radi, giza na vumbi

Manyatta iko kwenye miteremko ya Mlima Kenya, na mvua zake za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba huja na ngurumo. Stima ikikatika diski ikiwa katikati ya kuandika, faili zaweza kuharibika. Ikirudi kwa kishindo, kifaa chenyewe chaweza kuungua. Na giza si la kijiji pekee: mwaka 2023 nchi karibu yote ilizimika Agosti 25, kisha Novemba 11, kisha Desemba 10.

Kwa sababu hiyo UPS si ya hiari. Nunua yenye waya wa USB unaoongea na NAS. Stima ikipotea, UPS huiarifu, nayo NAS hujifunga yenyewe kwa utaratibu kabla betri haijaisha. Radi ikianza kukaribia, chomoa waya wa stima na wa ruta pia, maana radi hupita kote kuwili. Kiweke kifaa mahali pakavu, palipoinuka kutoka sakafuni, mbali na jiko na mbali na dirisha linaloingiza ukungu wa asubuhi.

Diski mbili ndani ya kisanduku si bekapu

Hapa ndipo watu hulia. NAS yenye diski mbili zinazoandikwa kitu kimoja inakulinda na jambo moja: kufa kwa diski moja. Na diski hufa. Kampuni ya Marekani ya Backblaze, inayoendesha diski zaidi ya laki mbili na nusu na kutangaza takwimu zake, iliripoti kwa mwaka 2024 kwamba asilimia 1.57 ya diski zake ziliharibika. Ukiwa na diski mbili kwa miaka mitano, kwa kiwango hicho uwezekano wa angalau moja kufa ni kama 1 kati ya 7. Na hizo ni diski za kwenye vyumba vyenye kiyoyozi.

Lakini mtoto akifuta folda, inafutika kwenye diski zote mbili papo hapo. Mwizi akibeba kisanduku, amebeba zote mbili. Moto nao hauchagui. Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeeneza kanuni ambayo hadi leo haijapata mshindani: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali na nyingine.

Kwa mtu wa Embu mjini, mbali si lazima iwe wingu. Diski ya nje ya terabaiti 4 inaweza kukaa kwa shangazi huko Kibugu, ikaja mjini mara moja kwa mwezi kunakiliwa upya. Matatu itaifikisha asubuhi moja, kazi ambayo faiba ingeifanya kwa wiki kadhaa. Vitu vichache visivyoweza kupatikana tena, kama hati za ardhi, vyeti na picha za marehemu, viweke pia kwenye zile gigabaiti 15 za bure. Ila ingia kwenye akaunti hiyo mara kwa mara: Google imejipa ruhusa ya kufuta akaunti zisizoguswa kwa miaka miwili.

Wezi wa mtandaoni

Wauzaji hupenda kukuonyesha jinsi utakavyofungua NAS yako ukiwa Dubai. Hawakwambii kwamba mlango unaokufungulia wewe unaweza kumfungulia mwingine. Juni 2021, wenye kifaa cha My Book Live cha Western Digital waliamka wakakuta diski zao zimefutwa kutoka mbali. Kilikuwa kifaa cha zamani ambacho kampuni ilikuwa imeacha kukitengenezea masasisho tangu 2015. Januari 2022, programu ya utekaji iitwayo DeadBolt ilifunga faili za wenye NAS za QNAP na kudai bitcoin 0.03 kwa kila kifaa.

Kinga ni nne. Usifungue tundu lolote la mtandao (port) la ruta kuelekea nje kwa sababu fundi amesema ni rahisi. Ukihitaji kuingia kutoka mbali, tumia VPN. Acha kifaa kijisasishe. Na ile diski ya nakala isikae imechomekwa siku zote, kwani mtekaji hufunga kila anachokiona.

Shule, zahanati na vyama vya ushirika: sheria iko mezani

Kwa biashara kuna hesabu ambayo haionekani kwenye bei. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde, ajue nani anazifikia, na zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, amwarifu Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72. Faini yaweza kufika Sh5 milioni au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo. Si vitisho vya karatasi: Septemba 2023 shule moja ya Uthiru, Nairobi, ilitozwa Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Zahanati inayobeba rekodi za wagonjwa kwenye flashi, au chama cha kahawa kinachotumiana orodha ya malipo ya wakulima kwenye WhatsApp, haiwezi kujibu swali la nani aliona nini. NAS inaweza, kwa sababu kila mfanyakazi ana jina lake na nywila yake, na kifaa huandika nani alifungua faili gani endapo huduma hiyo imewashwa. Wingu la kulipia la kiofisi pia laweza, lakini data ikitoka nje ya nchi sheria ina masharti ya ziada. Kwa upande wa ushuru, kumbukumbu za biashara zinatakiwa zihifadhiwe miaka mitano, muda uleule tuliopigia hesabu.

Ukienda dukani

Kwanza, flashi ya terabaiti 2 kwa Sh1,500 ni ya uongo. Inajitangaza terabaiti 2, inahifadhi gigabaiti chache, nyingine zinapotea kimyakimya. Ipimwe kwa programu ya bure ya H2testw kabla hujaondoka, au usiinunue kabisa.

Pili, diski ya NAS iwe ya NAS. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za Red zilitumia mtindo wa kuandika uitwao SMR, ambao hufanya kazi ya kujenga upya diski iliyokufa ichukue muda mrefu mno. Mwambie muuzaji unataka CMR, mtindo wa kawaida, na uione imeandikwa kwenye maelezo ya modeli.

Tatu, hakikisha diski unayotaka inakubaliwa na kisanduku. Mwaka 2025 Synology ilibana baadhi ya modeli zake mpya zikubali diski za chapa yake tu, ikalalamikiwa, kisha ikalegeza kabla mwaka haujaisha.

Nne, uliza nani atakuhudumia kifaa kikizima. Dhamana inayodaiwa Nairobi ina nauli yake.

Nani anunue nini

Familia yenye simu tatu na kompyuta moja: diski mbili za nje, moja ikae kwa ndugu, na wingu la bure kwa vitu vya thamani. NAS haikuhusu, labda uwe mpenzi wa mitambo.

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Embu mwenye tasnifu: wingu la bure na flashi halisi. Tasnifu nzima haifiki gigabaiti moja. Kinachohitajika ni nidhamu ya kunakili kila jioni.

Mwenye duka, saiba au ofisi ya mtu mmoja: wingu la gigabaiti 100, ambalo kwa bei ya Marekani ni dola 1.99 kwa mwezi, pamoja na diski moja ya nje.

Zahanati, shule au chama chenye wafanyakazi watatu au zaidi wanaotumia rekodi moja: NAS ya diski mbili, hata kama mzigo haujafika terabaiti 2. Hapa unanunua udhibiti na kunakili kwa lazima. Shule yenye mwalimu anayejua kompyuta inaweza kuanza na ex-UK.

Studio ya picha na video: NAS bila kusitasita, na diski ya nakala nje ya jengo. Gharama ya Sh112,500 kwa miaka mitano ni chini ya Sh1,900 kwa mwezi. Itie kwenye bei ya kila kazi, na umwandikie mteja kwenye mkataba utamtunzia video yake kwa muda gani. Asipoambiwa, atadhani ni milele, na diski hazitoshi kwa milele.

Kwa atakayenunua, zoezi la mwisho ni hili: wiki ya kwanza, kabla hujaiamini, futa faili moja isiyo na maana kisha jaribu kuirudisha kutoka kwenye nakala. Ikirudi, mtambo wako unafanya kazi. Isiporudi, mwite fundi aliyekufungia siku hiyohiyo, kabla hujammalizia malipo.